Petroli Kidogo, Hewa Nyingi

Mafundi wenzangu wa karakana, siku mliyoniaga mlinipa kiti cha uvivu na mkataka niseme machache. Nilisema asanteni, nikaketi papo hapo, kwa kuwa kiti kilikuwa changu tayari. Mkadhani nimeishiwa maneno. Sikuishiwa. Nilikuwa na jambo moja la kuwaambia, nalo si la kusemwa mbele ya sahani za pilau.

Lilinijia wiki ile ya mwisho, mlipofungua boneti ya gari jipya la ofisi mkaniita nione. Halina kabureta ya kuchanganyia petroli na hewa. Halina pointi za kukatia umeme wa cheche. Kuna kisanduku cha umeme kinachopima hewa na kuamua kila silinda ipewe petroli kiasi gani. Mmoja wenu akasema, "Mzee Seif, enzi zenu mlikuwa mnamwaga mafuta tu." Nilicheka pamoja nanyi. Lakini kitu hicho hicho sisi tulikitafuta kwa bisibisi na tupa, na mimi nilikitafuta vibaya, wakaumia watu. Ndiyo maana naandika.

Niliingia karakana ya wilaya hapa Bagamoyo mwaka uliofuata Uhuru, nikiwa na miaka ishirini. Baba yangu alikuwa mshona kanzu mjini na alitaka nikae naye dukani. Alisema fundi magari kucha zake hazitakati, kwa hiyo hatapata mke. Mke nilipata. Kuhusu kucha alisema kweli.

Fundi mkuu wakati huo alikuwa Fundi Athumani, mtu wa Pangani, mrefu, mkimya, aliyejifunza kazi kwenye viwanda vya katani. Huko aliishi na injini kubwa za dizeli zilizopiga polepole, mwenyewe akisema ungeweza kusogeza punje ya tasbihi kati ya pigo na pigo. Injini za petroli alizihudumia vizuri lakini hakuzipenda. Aliziona kama watu wenye haraka.

Siku yangu ya kwanza nilimkuta amepiga magoti, anafuta spana moja moja na kuzipanga kwenye turubai.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Najua."

"Basi soma hizi." Akanisogezea kopo la plagi za zamani, zaidi ya hamsini.

Siku tatu kazi yangu ilikuwa kuzipanga kwa rangi. Nyeusi yenye masizi: injini inapewa petroli nyingi mno. Nyeusi yenye utelezi: oili inapanda juu. Kahawia kama biskuti: injini iko sawa. Nyeupe kama chaki: injini inaungua kwa ndani, petroli ni kidogo na hewa ni nyingi. Siku ya nne akanikabidhi plagi kumi akiwa amenifunga macho kwa kitambaa, nikapapasa. Nilikosa mbili. Akaniambia nirudie kopo zima.

Sitawachosha na miaka iliyofuata. Nilijifunza kurekebisha pointi, kusaga valvu, kusikiliza injini kwa kuweka bisibisi ndefu sikioni. Fundi Athumani hakumruhusu mtu kusema "gari hili bovu" kabla ya kulifungua. Ukilisema, ulitumwa kufagia hadi adhuhuri. Karakana yetu ilikuwa safi sana miaka hiyo.

Kisha mwanzoni mwa miaka ya sabini bei ya mafuta duniani ikaruka, na petroli ikawa inakuja kwa mgao. Kila gari la serikali lilipewa galoni zake za wiki, zikiisha linasimama. Watu wakaanza vituko. Mfanyabiashara mmoja alitumbukiza vidonge vya kufukuzia nondo kwenye tangi la gari lake kwa sababu alisikia vinaongeza nguvu. Gari lilinukia kama kabati la bibi harusi, lakini nguvu haikuongezeka. Madereva walishuka vilima wamezima injini. Wawili walishuka hadi mtaroni.

Gari lililotuumiza roho lilikuwa gari la wagonjwa. Lilikuwa moja tu kwa wilaya nzima, la petroli, na safari ya Miono kwenda na kurudi ilikula karibu galoni nane. Safari mbili za Miono na moja ya Ubena zikimaliza mgao, mgonjwa wa nne hana gari. Dereva wake, Mzee Kombo, alikuwa akirudi na kuegesha, anakaa ndani dakika kadhaa bila kushuka. Nilimuuliza mara moja kwa nini. Akasema, "Nawahesabu niliowaacha."

Wakati huo huo nilipelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya wiki mbili. Mkufunzi alikuwa mgeni, mpole, mwenye chaki mikono yote miwili. Alituchorea injini ambazo viwanda vya nje vilikuwa vinazijaribu ili magari yatumie mafuta kidogo. Moja iliniteka kabisa. Kila silinda ilikuwa na chumba kikubwa na chumba kidogo pembeni yake. Kwenye chumba kidogo, karibu na plagi, unaingia mchanganyiko wenye petroli ya kutosha, unawaka upesi. Moto unatoka kwa nguvu na kuingia chumba kikubwa, ambamo petroli ni kidogo na hewa ni nyingi, mchanganyiko ambao plagi peke yake isingeweza kuuwasha vizuri. Alituchorea pia pampu za kunyunyiza petroli badala ya kabureta, na mfumo wa kuwasha usio na pointi.

Nilinyoosha mkono. "Mwalimu, na sisi tulio na magari ya zamani tufanyeje?"

Akafikiri kidogo. "Yatunzeni vizuri. Na msubiri."

Mimi sikusubiri. Niliporudi Bagamoyo nilikuta Fundi Athumani yuko Pangani kwenye msiba wa mama yake, na karakana imeachwa mikononi mwangu. Nikaifungua kabureta ya gari la wagonjwa, nikatoa jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba ambamo petroli yote hupita. Nikaliziba tundu kwa risasi ya kulehemu, nikatoboa jingine dogo zaidi kwa waya wa kutobolea. Petroli kidogo, hewa nyingi. Chumba kidogo cha moto sikuwa nacho na sikuweza kukitengeneza, lakini nilijiambia kwamba nikiwahisha cheche kidogo, itatosha.

Safari ya kwanza ya Miono ikala galoni sita kasoro. Mzee Kombo alinishika mkono akautikisa hadi nikaona haya. Ofisa mmoja alikuja karakana akanisifu mbele ya watu. Kwa wiki tatu gari lile lilifika vijiji ambavyo halikuwa likifika.

Kila Ijumaa nilitoa plagi kuzitazama. Zilikuwa nyeupe kama chaki. Nilijua kusoma, tena nilifundishwa na mtu aliyenifunga macho ili nisikosee. Lakini nilizitazama nikajiambia zimetakata. Nazisafisha, nazirudisha. Hilo ndilo ninalotaka mlisome mara mbili. Sikukosa ujuzi. Nilikuwa nimependa sana kuwa sahihi.

Wiki ya nne iliingia simu kutoka Miono kwamba kuna mzazi ameshikwa na uchungu tangu jana na mtoto amelala vibaya. Nilipanda gari pamoja na Mzee Kombo na Nesi Tausi, kwa sababu nilitaka kupima mafuta mwenyewe. Naam, nilipanda gari la wagonjwa nikiwa na kijiti cha kupimia tangi.

Mzazi alikuwa Mwanaidi, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mimba yake ya kwanza. Mumewe, Mrisho, mkulima wa ufuta, alipanda naye nyuma. Nesi Tausi alimpapasa tumbo, akatuambia kwa sauti ya chini, "Huyu ni wa upasuaji. Twende sasa hivi." Tukaondoka saa nne asubuhi.

Tulipita Msata vizuri. Baada ya hapo barabara ikaanza kupanda, mchanga mwingi, jua kali, na Mzee Kombo akakanyaga mafuta. Injini ikakohoa kupitia kabureta. Ikakohoa tena. Nikamwambia apunguze.

"Nikipunguza tutazama mchangani," akasema.

Kisha ukaja mlio kama mtu aliyepiga debe kwa nyundo, moshi wa bluu ukatanda, na gari likafa.

Nilifungua boneti. Nilitoa plagi ya silinda ya tatu, ncha yake ilikuwa imeyeyuka. Nikamulika tundu kwa kioo nikaona pistoni imetoboka. Hapo hakuna spana inayosaidia. Mrisho alikuja akasimama karibu yangu.

"Fundi si wewe?"

"Ni mimi."

"Basi tengeneza."

"Halitengenezeki hapa, ndugu yangu."

Hakuwa na hasira bado, alikuwa hajaelewa. "Fundi yumo humu humu ndani," akasema, "sasa gari limeharibikaje?"

Tulikaa pale karibu saa tatu. Mzee Kombo alitembea kwa miguu kurudi Msata kutafuta msaada. Nesi Tausi alifunga kanga zake kwenye milango ili Mwanaidi apate kivuli, akawa anamsemesha, anamlowesha midomo. Mimi sikuwa na kazi. Nilisimama barabarani nikitazama kila upande, nikisikia kila sauti iliyotoka ndani ya lile gari, na sauti zilikuwa zinazidi kupungua.

Lori la magunia ya korosho ndilo lililotuokoa. Dereva wake hakuuliza swali. Alipunguza magunia kando ya njia ili kupata nafasi, yaliyobaki tukayalaza sawasawa, tukatandika godoro juu yake. Tulifika hospitali jua limeinama. Mwanaidi alipasuliwa na akapona. Mtoto, wa kiume, alikuwa amekwisha kufariki tumboni.

Fundi Athumani alirudi kutoka Pangani siku mbili baadaye. Nilimpa mkono wa pole kwa mama yake, naye akaupokea, kisha akasema, "Twende tukafungue." Tukaishusha injini pamoja. Valvu mbili za kutolea moshi zilikuwa zimeungua kingo. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu ambalo kidole changu kiliingia. Alivipanga vipande vyote kwenye turubai kama alivyokuwa akipanga spana, akaniomba plagi. Nikampa. Akaishika moja muda mrefu.

"Ulikuwa unazitoa?"

"Kila Ijumaa."

"Ukaona nini?"

"Niliona nyeupe."

Akaitia kwenye lile kopo la plagi za zamani. Afadhali angenitukana.

Ofisa yule aliyenisifu alikuja na karatasi ya taarifa, akasema tuandike kwamba gari liliharibika kwa uchakavu, mambo yaishe. Fundi Athumani akamsikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Bwana, katika karakana hii sina mtu anayeitwa Uchakavu. Nina huyu anaitwa Seif, na nina mimi niliyemwachia funguo. Tuandike hao." Nikaandika kwa mkono wangu kwamba nilipunguza tundu la jeti bila idhini na niliona dalili nikaziacha. Yeye akatia sahihi chini yangu. Tulipewa barua za onyo wote wawili, yake ikiwa ya kwanza maishani mwake. Aliikunja akaitia kwenye mfuko wa shati, na hatukuizungumzia tena.

Wiki chache baadaye nilichukua basi siku yangu ya mapumziko, nikaenda Miono. Hakunituma mtu. Nilimkuta Mwanaidi amekaa barazani kwao anapepeta ufuta, Mrisho akichonga mpini. Walinikaribisha, wakanipa maji. Nikawaeleza kila kitu, jeti, plagi nyeupe, yote. Mrisho aliweka panga chini, akainuka, akaenda zake shambani.

Mwanaidi aliendelea kupepeta hadi ungo ukabaki safi. Kisha akasema, "Fundi, umekuja kunipa habari, au umekuja kuutua mzigo wako hapa kwangu?"

"Sijui, dada."

"Haya. Ukijua, urudi." Akajaza ungo tena.

Gari la wagonjwa lilikuwa juu ya magogo, na vipuri vya injini yake havikupatikana. Ndipo Fundi Athumani alipokumbuka kuna injini ya dizeli ndani ya sanduku la mbao kwenye shamba moja upande wa Makurunge, iliyoletwa kwa ajili ya pampu ya maji, na pampu yenyewe haikuwa imefika. Ilikuwa ya aina mpya, silinda nne, nyepesi, inazunguka upesi, tofauti kabisa na zile za katani. Barua zilikwenda na kurudi hadi tukaruhusiwa kuichukua.

Siku tuliyofungua kichwa chake kuikagua, nilishtuka. Juu ya kila silinda kulikuwa na chumba kidogo cha mviringo chenye mlango mwembamba. Nikamweleza Fundi Athumani michoro ya yule mkufunzi, namna moto unavyoanzia chumba kidogo na kuingia kikubwa. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa.

"Kwenye dizeli," akasema, "hewa inaingia yote, haizuiliwi. Unachopima ni mafuta tu. Petroli kidogo na hewa nyingi inachoma injini. Dizeli kidogo na hewa nyingi, ndiyo kazi yake ya kila siku. Wazo lako halikuwa baya, Seif. Ulikosea injini."

Nikaona kama nimepewa maji. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Na ulimjaribia mgonjwa. Hilo si kosa la injini."

Tulifanya kazi miezi miwili. Injini haikukubali kukaa na giaboksi ya gari lile, kwa hiyo tulikata sahani nene ya chuma ya kuunganisha, tukaisawazisha kwa tupa. Tulipaka masizi upande mmoja, tunabana, tunafungua, tunapiga tupa pale penye doa jeusi, tunarudia. Fundi Athumani macho yalikuwa yameanza kufifia, akawa anapima kwa vidole, na vidole vyake havikukosea. Mabano ya kushikia injini niliyachomelea mara tatu. Mara mbili za kwanza aliyakata bila kunieleza sababu, na nilipoyatazama vizuri niliijua.

Gari lilipowaka ofisi ilitaka lianze kubeba wagonjwa kesho yake. Fundi Athumani akakataa. Likabeba mchanga. Kwa wiki sita lilibeba mchanga wa ujenzi, mzito kuliko mgonjwa yeyote, Msata na kurudi, Ubena na kurudi, na kila jioni nilikagua nozeli za kunyunyizia dizeli, nikapima mafuta, nikaandika kwenye daftari. Mjini watu walitucheka kwamba wilaya yetu inalaza mchanga kwenye kitanda cha wagonjwa. Lilikuwa na kelele, lilitikisa meno, na Mzee Kombo alilalamika kwamba sasa anaota anatwanga. Lakini Miono na kurudi lilikula galoni nne na kidogo. Tangu hapo, kila kitu kipya kilichoingia karakana hii kilianza kujaribiwa kwenye gari la taka. Mmeikuta desturi hiyo, mkadhani ni ubishi wa wazee. Sasa mnajua ilikotoka.

Fundi Athumani alistaafu, akarudi Pangani. Mwaka wa pili baada ya hapo, asubuhi moja, Mzee Kombo aliingia karakana na gari la wagonjwa likiwa tupu, Nesi Tausi amenuna pembeni yake.

"Nimetoka Miono," akasema Mzee Kombo. "Yule Mwanaidi anakaribia kujifungua. Daktari alisema huyu asisubiri uchungu, aletwe mapema. Amekataa kupanda."

"Amesemaje?"

"Amesema hapandi gari ambalo aliyelitengeneza hayumo."

Nilinawa mikono nikapanda. Tulipofika, Mwanaidi alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake, amekaa kwenye kigoda. Mrisho alinipa mkono, mkono tu. Mwanaidi akanitazama kama mtu anayekagua mizani sokoni, kisha akaingia nyuma, nami nikaingia nikakaa mkabala naye.

Baada ya Msata barabara ikaanza kupanda. Aliishika nguzo ya kitanda. Mimi nilisikiliza injini kwa mwili mzima, na ilipanda kilima kile kwa mlio ule ule mmoja.

"Ulishajua?" akaniuliza ghafla.

Sikuhitaji kuuliza kujua nini. "Nilikuja kuutua mzigo," nikasema.

"Nilijua." Akageukia dirisha. Kisha akasema, "Lakini ulikuja."

Alipasuliwa keshokutwa yake asubuhi. Nilikuwa nimepita hospitali nikielekea kazini, nikakaa kwenye benchi la nje na Mrisho. Nesi Tausi akatoka akasema ni msichana, wote wazima. Mrisho akafunika uso kwa viganja viwili, akalia bila sauti, na mkono wake mmoja ukaja ukanishika goti kwa nguvu, kisha ukaondoka.

Siku ya tatu niliruhusiwa kumwona. Alikuwa amelala ubavu, mtoto amefungwa vizuri, uso mdogo mwekundu. Nikampa hongera. Akapokea. Nilikuwa nageuka kuondoka aliponiita.

"Fundi. Mafuta yalitosha?"

"Yalitosha. Yamebaki ya kwenda Miono tena na kurudi."

"Kuna mwingine kule kwetu," akasema, "mke wa jirani yangu, mwezi wa nane sasa. Basi usikae hapa. Nenda kazini."

Nikaenda kazini.